Dada, kujidharau kazini si tawadhui

KILA mwisho wa darsa ya akina mama pale Musoma mjini tunatoa nafasi ya maswali, na wale wanaoona haya kuuliza kwa sauti huandika kwenye vikaratasi. Mengi huwa ni yale yale tuliyoyazoea: kulipa swaumu, mirathi, mume asiyetoa matumizi. Lakini ipo siku kilikuja kikaratasi kilichokunjwa mara nne, na swali lake nimelibeba hadi leo. Kwa ufupi lilikuwa hivi: Mimi ni mhasibu katika ofisi ya umma. Nimesoma, nimefaulu mitihani ya Bodi, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Lakini kila nikiitwa kwenye kikao moyo unaniambia leo ndiyo watagundua kuwa sijui kitu. Naogopa kwamba nawadanganya watu na kula mshahara usio wangu. Je, huu ni unafiki? Na nikisema naijua kazi yangu, je, hicho si kibri?

Nakiri kuwa siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema amtegemee Allah (s.w.) na aache wasiwasi, nikachukua kikaratasi kingine. Wakati tunavaa viatu mlangoni, dada mmoja akanisogelea akasema, "Mama, lile swali ni langu, na bado halijajibiwa." Alikuwa na haki. Tukakaa kwenye kibaraza mpaka karibu na Magharibi akanieleza yote.

Mkuu wake wa kitengo alikuwa anakwenda likizo, akamtaka yeye akaimu. Akakataa. Akasema hajawa tayari, akamtaja kijana mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi miaka miwili nyuma. Kijana akapewa barua ya kukaimu. Ilikuwa baada ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha umefungwa, hesabu zinatakiwa kwa wakaguzi kabla Septemba haijaisha. Kijana hakuzimudu. Basi dada yetu akawa anabaki ofisini hadi saa moja usiku anasuluhisha hesabu za benki, anatafuta vocha zilizopotea, anaandika upya majedwali. Asubuhi kijana anayapeleka kwenye kikao na kupongezwa. "Sasa Mama," akaniambia, "hata wakati ule nilikuwa najiambia kuwa nimebahatisha tu."

Tafakari hapo, msomaji. Kazi kaifanya yeye. Usiku kaukesha yeye. Cheo na posho ya kukaimu vikaenda kwa mwingine, na bado anayejiona tapeli ni yeye. Kama katika ofisi ile palikuwa na mtu aliyebeba sifa isiyo yake, hakika hakuwa huyu.

Ni jambo linalojulikana

Mitaani tuna neno kanjanja. Ni mtu anayejipachika kwenye fani ambayo hakuisomea, akababaisha mpaka siku anayoumbuka. Dada huyu, na wengi kama yeye, anaishi akijiona kanjanja ilhali vyeti vyake ni halali na kazi yake inaonekana. Wataalamu wa nafsi wameliandikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha matokeo ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa katika masomo na kazi zao. Pamoja na shahada na sifa walizopewa, wanawake hao waliamini kuwa wamefika pale kwa bahati, au kwa makosa ya waliowachagua, au kwa kuwa wamefaulu kuwapumbaza watu. Tafiti zilizofuata zimeonesha kuwa wanaume nao wamo. Clance na Imes waliliita hali inayompata mtu, wala hawakusema ni maradhi. Nalitaja hili kwa sababu tunao watu wepesi wa kusema dada mwenye hofu ya namna hii ana jini au kafanyiwa uchawi wa ofisini, akaanza kuzungushwa kwa waganga, na pesa zikaisha.

Wala halikuanza 1978. Hanzala (r.a.) alikuwa mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), yaani kwa lugha ya leo tungesema ni mtu wa ofisi. Imam Muslim amepokea kisa chake. Siku moja alikutana na Abubakar (r.a.) akamwambia kuwa yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Abubakar akashtuka, akamtaka aeleze. Akasema wakiwa mbele ya Mtume wakikumbushwa Pepo na Moto huwa kama wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake zao, watoto wao na shughuli zao husahau mengi. Kwa hiyo akajiona kuwa yule wa mbele za watu siye yule wa ndani.

Abubakar alimjibu kuwa yeye naye yanamkuta hayo hayo. Abubakar! Wakaenda pamoja kwa Mtume (s.a.w.), naye akawafahamisha kuwa lau wangedumu katika hali ile ya mbele yake muda wote, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao, lakini mwanadamu ana saa hii na saa ile. Na katika Sahihi ya Bukhari imetajwa kuwa Ibn Abi Mulaykah, mmoja wa tabiina, aliwakuta masahaba thelathini, kila mmoja wao akijihofia unafiki.

Najua hofu ya Hanzala ilikuwa juu ya imani yake, na ya dada yetu ni juu ya kazi, si kitu kimoja. Lakini tazama alichokifanya Hanzala. Hakuificha. Aliisema kwa mtu mwema, na mara ile ile akagundua kuwa hata aliyemdhania kuwa mbali na hofu hiyo anayo. Dada zetu wengi wanaibeba peke yao miaka na miaka, kila mmoja akidhani mwenzake wa meza ya pili yuko imara kama jiwe. Siku ile pale kibarazani nilimweleza kuwa hata mimi, kabla ya kila darsa, kuna sauti inayoniuliza nani kanipa ruhusa ya kukaa mbele ya watu. Alinikodolea macho.

Kibri ni nini basi?

Nusu ya pili ya swali lake ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapojidanganya kwa jina la dini. Mwanamke anaulizwa kazini, "Hili unaliweza?" Analiweza. Anajibu, "Hapana, mimi sijui, labda fulani." Akirudi nyumbani anajihesabia kuwa amefanya tawadhui. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni, kwamba mtu mwema hajisemi.

Mtume (s.a.w.) alikwishatufafanulia kibri. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kuwa hicho sicho kibri, bali kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Sasa anayesema "naijua kazi hii" na ni kweli anaijua, haki gani ameikataa? Nani amemdharau? Na anayesema "siijui" ilhali anaijua amesema neno lisilo kweli, hata kama kalisema kwa sauti ya chini na macho yakiwa sakafuni.

Rejea Surat Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (a.s.) ametoka gerezani, ni mgeni katika nchi ya Misri, kauzwa kama bidhaa, kasingiziwa. Angeweza kusema yeye ni nani mpaka atie mguu katika hazina ya mfalme. Badala yake aliomba asimamishwe juu ya hazina za nchi, na akaeleza kwa nini: kwamba yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Hakutaja ukoo wake wala uzuri wake, ambao watu wa mji ule walikuwa wakiuzungumza. Alitaja mambo mawili tu ambayo kazi ile iliyahitaji. Na kazi yenyewe, tukumbuke, ilikuwa ya mahesabu: kuweka akiba ya miaka saba ili watu wasife njaa miaka saba mingine. Angejidharau siku ile, nani angelipa?

Na katika Surat Al-Qasas, aya ya 23 hadi ya 26, tunawaona mabinti wawili wa Madyan waliokuwa wakichunga mifugo kwa kuwa baba yao ni mzee. Mmoja wao ndiye aliyempa baba yake ushauri amuajiri Musa (a.s.), na akataja vipimo vya mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Kipimo hiki cha ajira tunachokisoma mpaka leo kimetoka katika ulimi wa mwanamke. Nguvu hapa, wamesema wanavyuoni, ni uwezo wa kuifanya kazi husika. Basi nilimwambia yule dada ajipime kwa hayo mawili. Uwezo, unao? Uaminifu, unao? Akanyamaza kidogo akasema, "Uaminifu ninao, Alhamdulillah." Na uwezo je? Akacheka.

Hesabu ya upande mmoja

Kwa kuwa ni mhasibu, nikaona nimseme kwa lugha yake. Nikamuuliza: akija mtu na vitabu ambamo ameandika madeni tu, mali hakuandika hata moja, wewe utavipitisha? Akasema hata kidogo, hizo ni hesabu za uongo. Ndiyo hesabu anazojifungia mwenyewe kila siku. Kosa moja la mwaka juzi limeandikwa kwa wino mwekundu. Ripoti arobaini zilizokwenda salama hazionekani popote. Akisifiwa, anasema bosi alikuwa anampa moyo. Akikosolewa, anaamini hapo ndipo ukweli ulipotoka. Katika Surat Ar-Rahman, aya ya 9, tumeamrishwa kusimamisha mizani kwa uadilifu na tusipunje. Sioni kwa nini uadilifu huo uishie kwenye mchele na dagaa.

Wakati ule watumishi wa umma walikuwa wakijaza zile fomu za OPRAS, kabla ya mfumo wa sasa wa kompyuta, na mtumishi alikuwa anajipa alama mwenyewe kabla ya msimamizi wake, 1 ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Akaniambia kwa miaka yote amekuwa akijipa 3. Na msimamizi? Naye anaandika 3, maana nani atabishana na mtu anayejishusha mwenyewe.

Nikamshauri aweke daftari. Si la kujisifia, ni la kumbukumbu. Kila Alhamisi jioni aandike kazi alizomaliza wiki ile, makosa aliyofanya na jinsi alivyoyarekebisha, na jambo moja jipya alilojifunza. Wanavyuoni wetu wanaita kujihesabu huku muhasaba, na neno hilo na neno mhasibu yametoka mzizi mmoja. Muhasaba si kujitukana. Ni kuandika pande zote mbili.

Pale hofu inaposema kweli

Hapa sharti niwe mkweli, kwa sababu zipo semina nyingi siku hizi za kuwaambia wanawake "jiamini, unaweza", wakatoka ukumbini wamechangamka na Jumatatu mambo yakawa yale yale. Si kila hofu ni ya uongo. Abu Dharr (r.a.), sahaba mkubwa, alimuomba Mtume (s.a.w.) ampe uongozi. Mtume akamfahamisha kuwa yeye ni dhaifu katika jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana na Siku ya Kiyama ni majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Hadithi iko kwa Imam Muslim. Daraja ya Abu Dharr haikupungua hata chembe kwa hilo.

Kwa hiyo kama moyo unakwambia hujui, muulize: hujui nini hasa? Ukiweza kulitaja kwa jina, kwa mfano hujui kutumia mfumo mpya wa malipo, au hujui kuandika andiko la mradi, hiyo ni habari njema, kwani kinachotajika hufundishika. Kaa na anayejua, omba kozi, soma usiku. Lakini ukiuliza na jibu likawa ukungu mtupu, "sijui tu, sijui kitu", basi hofu hiyo haina ushahidi.

Na Nabii Musa (a.s.) ametuonesha adabu ya katikati. Alipotumwa kwa Firauni hakujifanya hana hofu. Aliitaja, aliutaja ulimi wake, akaomba kifua chake kikunjuliwe, na akaomba msaidizi, ndugu yake Harun (a.s.), akieleza kuwa ni fasaha kuliko yeye. Yamo katika Surat Taha na Al-Qasas. Hakumwambia Mola wake amtume Harun yeye abaki Madyan na mifugo. Aliomba msaada ndani ya kazi, na akaenda. Dada yetu alichofanya ni kumtuma Harun peke yake, tena Harun ambaye hakuwa ameiva.

Anayeumia si wewe tu

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wanawake wa maofisini tu, kuna njaa na ajira za kuzungumzia. Basi nitoe mfano wa Bunda. Muuguzi mmoja, mkunga wa zaidi ya miaka kumi na tano, alinisimulia usiku wa zamu yake katika kituo kimoja cha afya. Mama alikuwa amejifungua salama, lakini yeye akaona damu inatoka kupita kiasi. Tabibu wa zamu alikuwa kijana mgeni, kasema ni kawaida. Mkunga akajua si kawaida. Lakini sauti ikamwambia, wewe una cheti tu, huyu ana diploma, utaonekana mjuaji. Anasema alisimama pale na shuka mkononi kwa dakika ambazo hawezi kuzisahau. Kisha akasema. Mama yule yupo hai, na mtoto sasa anasoma.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa zinazoua wazazi nchini mwetu. Dakika zile za kusimama na shuka zilikuwa za mama yule, si za mkunga. Tunapojidharau mahali ambapo watu wametukabidhi roho zao, fedha zao au watoto wao, tunatumia mali isiyo yetu.

Ummu Salama (r.a.) alikuwa na sababu nyingi za kunyamaza siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba wote wakubwa wapo, wana huzuni juu ya mkataba, Mtume (s.a.w.) anawaamrisha wachinje na wanyoe, hakuna anayenyanyuka. Akaingia hemani kwake. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Mtume akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Bukhari ameipokea. Hakuulizwa cheti.

Nani alituambia hatufai?

Kutoka Musoma ukifika Makutano ukakunja, hufiki mbali unaingia Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake 22. Mwalimu mwenyewe ameeleza kuwa alipokuwa Makerere miaka ya 1943 hadi 1945 aliandika insha akizitumia hoja za mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, kueleza dhuluma aliyoiona kwa wanawake wa kabila lake la Wazanaki. Sitaki kuingia katika ubishi wa Mwalimu na Waislamu, gazeti hili na wasomaji wake wanaujua. Ninachosema ni kuwa kijana wa Butiama wa miaka ile aliliona, na sisi tuliokulia mkoa huu tunalijua. Msichana wa Mara amefunzwa kunyamaza wakizungumza wazee wa kiume. Akisoma, kaka yake husomeshwa kwanza. Akipata kazi, wanauliza kaipataje.

Akiwa Mwislamu, anaongezewa mzigo wa pili, ule wa kuambiwa kuwa Waislamu hawakusoma. Anaingia ukumbini na hijabu yake, yuko peke yake, na anahisi kuwa akikosea yeye, wamekosea Waislamu wote. Halafu zipo zile kejeli. Mwanamke akipandishwa cheo wanasema "viti maalumu". Viti maalumu vya Bunge vina historia yake na hoja zake, lakini neno hilo sasa limekuwa fimbo ya kumchapia kila mwanamke, hata yule aliyeshindana na wanaume kumi kwenye usaili. Hapo Bunda Mjini mwaka 2015 wananchi walimchagua Ester Bulaya katika jimbo, akamshinda Stephen Wasira, mwanasiasa mkongwe aliyekuwa waziri kwa miaka mingi. Hiyo haikuwa nafasi ya upendeleo. Na mwaka 2021 Samia Suluhu Hassan, aliyewahi kuanza kazi serikalini kama karani, alipoapishwa kuwa Rais, ilibidi katika siku zake za mwanzo awaambie hadharani wenye shaka kuwa aliyesimama mbele yao ni Rais mwenye maumbile ya kike. Mtu ataisema serikali yake atakavyo, lakini hakuna rais mwanamume aliyewahi kuhitaji kutoa maelezo kama hayo.

Kwa hiyo mwanamke anapojiona kanjanja, mara nyingi hakuianzisha sauti hiyo yeye. Aliisikia kwanza kwa wengine. Mwaka 2021 waandishi wawili wa Marekani, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey, walikosoa desturi ya kuwaambia wanawake wajitibu nafsi zao huku ofisi zinazowadhalilisha zikiachwa zilivyo. Naafikiana nao kwa sehemu kubwa. Kama mawazo yako yanachukuliwa na kusemwa na mwingine, kama umenyimwa kozi kwa sababu una mimba, hapo huna ugonjwa wa kutojiamini, hapo umedhulumiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, dini na ujauzito, na imempa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Ijue. Kuna dada mwalimu wa hisabati kule Butiama ambaye hakuna sentensi anayoianza katika kikao cha walimu bila "samahani, labda nimekosea". Nilipomdadisi, kumbe mkuu wa shule aliyemtangulia huyu wa sasa alikuwa akimkatiza mbele ya wenzake kila anapofungua mdomo. Samahani ile alifundishwa.

Bibi Titi na kadi namba 16

Katika historia yetu yupo mwanamke ambaye kwa vipimo vya karatasi hakustahili kabisa. Bibi Titi Mohamed alisoma miaka minne tu. Alikuwa muimbaji katika ngoma ya bomba huko Dar es Salaam. Alijiunga na TANU, kadi yake ikiwa namba 16. Mwaka 1955 alikuja John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Jibu likabidi lipatikane haraka, na aliyesimamishwa ni Bibi Titi. Alizoea kuimba mbele za watu, hakuzoea kuhutubia mikutano ya siasa wala kuongoza kitengo cha chama.

Lakini alikuwa na kitu ambacho wasomi wa chama hawakuwa nacho. Aliwajua viongozi wa vikundi vya ngoma, mtaa kwa mtaa. Aliwaendea hao, nao wakawaleta wanachama wao, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi, katika wakati ambapo watumishi wengi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa. Kilichoonekana kuwa si kitu, ngoma, ndicho kilichokuwa sifa yake ya kazi. Mambo yaliyompata baadaye, kesi ya uhaini ya mwaka 1970 na kifungo hadi 1972, hayaondoi hilo. Alifariki Novemba 2000.

Ndiyo maana nawaambia dada zetu waangalie wanachokidharau ndani yao. Yule mhasibu wetu kabla ya kuajiriwa alikuwa akimsaidia mama yake biashara ya dagaa pale Mwigobero, akiandika kwenye daftari la shule nani kachukua ndoo ngapi na nani hajalipa. Aliona ni aibu kuyataja hayo mbele ya wenye shahada. Mimi nikamwambia pale ndipo ulipojifunza kumjua mdaiwa anayekwepa.

Na kwenu wanaume, waume zetu, kaka zetu na mashekhe wetu, sina maneno mengi. Umar (r.a.) amepokewa kuwa alikuwa akithamini rai ya Shifaa bint Abdullah (r.a.), mwanamke aliyejua kusoma na kuandika na aliyemfundisha Hafsa (r.a.), mke wa Mtume, kuandika. Mkeo akirudi kazini na kukueleza kuwa wametaka akaimu, neno lako la kwanza lisiwe "na chakula cha usiku atapika nani?"

Yule dada aliondoka siku ile bila kuniahidi chochote. Ulipita mwaka. Mkuu wake akaenda tena likizo, akaombwa tena. Aliswali istikhara, akaandika barua ya kukubali, na ananiambia mkono ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba aliiandika mara mbili. Wiki ya kwanza alikosea, akaingiza malipo katika kifungu kisicho chake. Akaligundua mwenyewe jioni ile, akaenda kulisema kwa mkurugenzi kabla halijaulizwa, akisubiri aambiwe akabidhi ofisi. Mkurugenzi akasema, "Sawa, rekebisha," akaendelea kusoma faili lake.

Hofu haijaisha, anasema bado humjia hasa asubuhi za vikao. Kijana yule amemweka kwenye kusuluhisha hesabu za benki, na siku hizi wanabaki wote wawili hadi saa moja. Hesabu za mwaka ule zilifika kwa wakaguzi tarehe 28 Septemba, siku mbili kabla ya mwisho.